Boliti kwenye miamba yetu: tutoboe au tuiache ilivyo?

Wadau wa kamba, hii hoja tumeizungusha ndani ya matatu kila Jumapili jioni tukirudi kutoka kukwea miamba ya kilima cha Lukenya, nje ya Nairobi, tunafika Mlolongo tunabishana, tunashuka mjini bado tunabishana. Naileta hapa peupe kwa sababu miamba si yetu peke yetu. Je, tutoboe na kuweka boliti za kudumu, au kila mtu aendelee kupanda na vyuma vyake mwenyewe kama zamani?

Kwa ambaye hajawahi kuvaa hanesi, ule mkanda wa kukwelea: anayetangulia hupanda, kamba ikimfuata kutoka chini, na njiani lazima aishikize kwenye mwamba ili akiteleza asifike ardhini. Mtindo wa zamani ni kuchomeka vyuma kwenye nyufa, nati au kamu zile zenye mabawa yanayopanuka na kubana, na anayepanda wa mwisho anavitoa vyote. Mwamba unabaki ulivyokuwa. Mtindo wa pili ni kutoboa tundu kwa drili, unatia boliti ya milimita 10 au 12, na hiyo inabaki hapo. Anayekuja baadaye anahitaji kamba, karabina (pete za chuma za kuunganisha kamba na boliti) na roho.

Mimi nasema tutoboe. Si kila mahali, nitafika huko.

Nairobi hii ina vijana waliojifunzia kwenye kuta za ndani, na tangu mchezo huu uingie Olimpiki kule Tokyo mwaka 2021 wanaongezeka. Wana nguvu ya vidole ambayo mimi sijawahi kuwa nayo. Lakini wakifika Lukenya wanakaa chini ya mwamba asubuhi nzima wakimsubiri mwenye vyuma amalize chai. Seti ya kamu mara nyingi inakuja kwenye sanduku la mtu aliyesafiri ng'ambo, na kwa bei yake kijana wa Kayole analipa kodi ya nyumba miezi kadhaa. Kwa hiyo tunaposema "mwamba uko wazi kwa wote", tunamaanisha wote wenye jamaa anayesafiri.

Halafu kuna siku yangu mwenyewe. Nilikuwa natangulia, nimeshaweka kamu mbili, ya pili kwenye ufa ambao ukingo wake ulikuwa umelegea. Mguu ukateleza. Nilisikia mlio mdogo, kama kifuniko cha soda kinafunguliwa, kisha nikaona mwamba unakimbia kwenda juu mbele ya uso wangu. Kamu ya kwanza ilishika. Nilisimama viatu vikiwa kimo cha meza kutoka ardhini, na pimbi amekaa juu ya jiwe ananitazama. Mikono ilitetemeka hadi mwenzangu akanifungulia fundo yeye. Ukuta ule pale juu hauna ufa mwingine. Hakuna ustadi wa kuweka chuma mahali ambapo hapana pa kukiweka.

Karibuni. Tusitukanane.

Mzee wa Nelion

Kijana wangu, pole kwa kuanguka, na nashukuru uko hai unatuandikia. Lakini sikubaliani nawe hata kidogo.

Shipton na Wyn Harris walifika Nelion, kilele cha Mlima Kenya, mwaka 1929, mita 5,188 juu ya bahari, wakati kamba za nailoni hazijavumbuliwa. Walipofika mahali pagumu walirudi nyuma, wakatafuta njia nyingine. Mwamba ndio uliowaambia wapite wapi. Ukishika drili, wewe ndiye unauambia mwamba. Ule ukuta usio na ufa ulikuwa unakuambia kitu, nawe ukaendelea kupanda.

Na tundu halizibiki. Unaweza kung'oa boliti, ukaziba kwa saruji, lakini mtu akipitisha kidole atajua. Nimekwea Lukenya tangu nikiwa na nywele, na kuna njia pale naweza kumwonyesha mjukuu wangu zikiwa vilevile nilivyozikuta. Hilo nalo si haki ya vijana? Vyuma mnavyovililia mimi nawaazimisha. Njooni nyumbani, mnajua ninapokaa.

Fundi wa Kariobangi

Mzee shikamoo. Ni kweli unatuazimisha, mimi mwenyewe nimepanda na kamu zako. Ila mzee, siku ukisafiri hatupandi.

Mimi kazi yangu ni kuchomea vyuma, nataka kusema jambo moja ambalo nyote mmelipita. Boliti nzuri iliyowekwa kwenye mwamba mzima hubeba zaidi ya kilonyutoni 20, yaani kama uzito wa tani mbili. Hiyo ni boliti nzuri. Nimeshaona mtu akipanga kununua boliti za kufungia mageti, eti zote ni chuma. Si zote ni chuma kimoja! Lukenya ni mwamba mgumu na pakavu, chuma kisichoshika kutu kitakaa miaka mingi. Hell's Gate, kule Naivasha, mko karibu na visima vya mvuke vya Olkaria. Ile harufu ya mayai yaliyooza mnayoisikia mkiendesha baiskeli ni gesi yenye salfa, na salfa na chuma hawapatani. Boliti inaweza kung'aa nje huku ndani ya tundu imeliwa.

Kwa hiyo swali langu kwa mwenye mada: baada ya miaka kumi nani atapanda kuzikagua? Tukijibu hilo, mimi nitakuja na mikono yangu, bure.

Binti wa Tumbusi

Naomba mwongeze viumbe wengine kwenye hesabu. Kuta za Hell's Gate ni makao ya tumbusi wa Rüppell, ambao wamewekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka duniani. Njia yenye boliti ina wateja wengi kuliko njia ya nyufa, hilo halina ubishi, ndiyo maana mnaitaka. Wateja wengi maana yake ni kelele kila wikendi chini ya kiota. Kuhusu nyuki sisemi sana, kila aliyewahi kushuka kwa kamba akiwa na kundi la nyuki kichwani anajua drili itafanya nini.

Lukenya toboeni mkikubaliana. Ukuta mkuu wa Hell's Gate, hapana.

Mlipakodi wa Donholm

Mimi sikwei, naogopa hata ngazi. Lakini Hell's Gate ni mbuga ya taifa tangu 1984, na mbuga ya taifa ni yangu pia. Nimesoma hoja zenu zote na hakuna hata mmoja aliyetaja kuomba ruhusa. Mnajadiliana kana kwamba mmerithi.

Mwenye mada

Nimesoma yote mara mbili.

Ndugu wa Donholm, umenishika. Nilisema miamba si yetu peke yetu kisha nikaandika kana kwamba ni yetu. Ndani ya mbuga hakuna tundu linalopaswa kutobolewa bila barua kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na jibu lao mkononi. Naandika hivyo bila kusitasita, nikijua kuna wenzangu watanuna.

Dada wa tumbusi, ukuta mkuu nauacha. Ila usiifunge Hell's Gate yote. Ule mwamba uitwao mnara wa Fischer ni kama mita 25 tu, uko kando ya njia ya baiskeli, na vijana wa Naivasha wanaupandisha wageni na kupata riziki yao. Nanga mbili imara za kufungia kamba pale juu zinamlinda kijana huyo na mgeni wake. Hapo sioni kiota tunachokisumbua.

Mzee, shikamoo. Umeniuma pale pa "mwamba ulikuwa unakuambia kitu". Nimelala nalo. Lakini hata Nelion yako watu wanaposhuka kwa kamba wananing'inia kwenye nanga za chuma zilizoachwa pale, na hakuna anayesema mlima umevunjiwa heshima, kwa sababu zimerudisha watu nyumbani. Naomba hivyo hivyo kwa Lukenya: nanga juu ya njia za wanaoanza, na boliti kwenye kuta zisizo na ufa kabisa. Popote kamu inapoingia, drili isiguse. Njia zako zote zibaki kwa mjukuu wako, na ninasema hivi mbele ya wote ili nikiivunja ahadi hii mnisute.

Fundi, daftari. Kila boliti na tarehe yake, aina ya chuma, na jina la aliyeiweka, na mara moja kwa mwaka tunapanda nalo kuzikagua. La kwanza nitalinunua mimi.

Mzee wa Nelion

Bado nakataa. Lakini leteni hilo daftari Jumamosi, tutembee chini ya mwamba pamoja, mnionyeshe ukuta mmoja mmoja mnaosema hauna ufa. Naweza kuwa nauona ufa ambao ninyi hamuuoni.

Fundi wa Kariobangi

Tukutane saa kumi na mbili asubuhi, Bunyala, pale mjini. Mzee, njoo na kamu zako.