Tupeane uzoefu: safari ya kumwahi ndugu aliye mahututi

Kitinda Mimba
Wakuu, leo kwenye basi nimekaa jirani na kijana aliyekuwa akitazama saa kila baada ya dakika mbili. Simu ikaita, akauliza, "Bado anapumua?" Akasikiliza, kisha akaegemeza kichwa kwenye kioo. Sikumsemesha. Nilijua anakokwenda, maana njia hiyo nimeipita.

Kwangu ilikuwa mama. Nilipigiwa usiku: "Mama hajisikii vizuri, ukipata nafasi uje." Ukipata nafasi! Nikasubiri Ijumaa niombe ruhusa kazini. Kumbe wakati ule alikuwa siku ya tatu hali wala hanywi. Nikifungasha, niliweka nguo ya msibani, nikaitoa, nikairudisha, nikaitoa tena. Niliona kama namchimbia mama kaburi angali hai. Nikaiacha kitandani. Nilifika ameshafunikwa, nikamzika nikiwa na gauni la kuazima lililonibana mabegani. Nasema wazi: aliye mbali asifichwe. Ninyi mlisafirije, mlikuta nini?

Binti wa Pili
Hilo "anaumwa kidogo" limewaponza wengi. Pole sana, dada.

Kaunta Namba Tatu
Mimi sikuvuka hata uwanja wa ndege. Tiketi ninayo, viza ninayo, pasipoti imebakiza miezi minne. Nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi sita mbele, mimi sijui. Yule wa kaunta alifungua ukurasa wenye tarehe, akaweka kidole pale, akanitazama. Babu alizikwa nikiwa bado nahangaikia mpya. Mwenye mzee ng'ambo, hebu inuka sasa hivi ukaangalie ya kwako.

Nesi Mstaafu
Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Ukipiga simu hospitali usiulize "anaendeleaje", utajibiwa "anaendelea". Uliza hivi: "Angekuwa mama yako, ungeondoka leo au ungengoja kesho?" Hapo utaambiwa ukweli. Na uliza pumzi zikoje. Mgonjwa ambaye tayari hali wala haamki, pumzi zikianza kuja kwa mawimbi, zikapanda, zikashuka, zikakatika kwa muda kisha zikaanza upya, na miguu imepoa na kufanya madoadoa ya zambarau, mara nyingi ni saa zinazohesabika. Usingoje Ijumaa.

Tairi Kumi
Ushauri wangu: chukua gari lako uondoke, mambo ya kungoja basi yatakuchelewesha. Niliendesha usiku kucha nikamwahi shangazi. Alinishika kidole hiki cha shahada, hakukiachia mpaka mwisho.

Dereva wa Masafa
Tairi Kumi, usiwapoteze wenzio. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo anaendesha kama mtu aliyekunywa, na huyu tena analia. Mnataka familia iwe na misiba miwili?

Tairi Kumi
Nilifika salama, kaka.

Dereva wa Masafa
Wewe ulifika. Nimewahi kumtoa mmoja chini ya lori, naye alikuwa anamwahi mzazi.

Siti ya Dirishani
Sijawahi kuandika haya popote.

Baba alianza kukata roho nikiwa nimebakiza saa sita za njia. Dada akanipigia: "Nimeweka simu sikioni kwake, sema naye." Basi limejaa, watu wamelala, nikaanza kwa kunong'ona. Nikamkumbusha alivyonifundisha baiskeli, anakimbia nyuma ameshika kiti, kumbe alishakiachia zamani. Nikamwomba msamaha kwa miaka miwili tuliyonuniana kwa ajili ya kiwanja. Nilipopaza sauti bila kujijua, kondakta akazima redio. Basi zima likanyamaza. Chaji ikafika asilimia nne, mama wa siti ya nyuma akapitisha betri yake ya akiba begani kwangu bila kuuliza kitu. Nilisema naye saa nzima na zaidi. Dada alikuwa akiitikia kwa mbali, "Anakusikia, endelea."

Nilipofika nikaambiwa amefariki dakika chache baada ya simu kukatika. Hilo lilinipa nguvu. Miaka miwili baadaye dada akaja kwangu, akakaa chini, akasema: baba alikata roho nikiwa bado kwenye hadithi ya baiskeli. Alishindwa kunikatisha. Yaani msamaha niliuomba kwa maiti.

Binti wa Pili
Nimelia ofisini.

Kaunta Namba Tatu
Dada yako alikosea, samahani kusema. Huo ni uongo.

Binti wa Pili
Uongo gani? Ulitaka amwambie mtu aliye peke yake ndani ya basi usiku? Alimbebea kaka yake mzigo miaka miwili. Huo ni upendo.

Kitinda Mimba
Mimi niliyefichwa nitasimama na Kaunta. Angemwambia tu akishuka.

Nesi Mstaafu
Acheni kumhukumu binti wa watu. Siti, nikuambie ninalolijua. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima mawimbi ya ubongo ya wagonjwa waliokuwa hawaitikii tena, saa zao za mwisho. Kwa baadhi yao ubongo ulikuwa bado unaitikia sauti. Kama walielewa maneno, kipimo hicho hakionyeshi. Lakini hiyo baiskeli, mimi naamini alikwenda nayo.

Siti ya Dirishani
Asante, mama.

Niliyebaki
Niseme na upande wetu, tuliobaki na mgonjwa. Mnalalamika mlifichwa. Nilimgeuza baba mdogo kitandani miaka mitatu, kila saa mbili, asipate vidonda. Kupiga simu ile nilishindwa mara nne. Nilijua nikishasema "njooni", na mimi nitakuwa nimekubali. Mlango ukifunguliwa alikuwa anainua shingo aone kama ni mwanawe. Mwisho alikata roho nilipotoka kuchota maji. Dakika tano tu, na mimi niliyekuwepo sikuwepo.

Nesi Mstaafu
Niliyebaki, hilo nimeliona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hukumwacha, mwanangu.

Kitinda Mimba
Hizo mara nne zimenigusa. Dada yangu hajawahi kuniambia alijaribu mara ngapi, nami sijawahi kumuuliza. Nampigia jioni hii.

Mgeni Humu
Nilikuwa nasoma tu. Mama mdogo aliyenilea yuko wodini, nikaambiwa nije mwisho wa wiki. Nimempigia nesi wa huko, nimemuuliza lile swali. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Ningeshakuwa njiani." Gari nimeliacha, niko stendi, basi linaondoka saa kumi na mbili. Pasipoti haihitajiki. Chaja ninayo.