Muuza vijibwa mnayemjua wote kanitukana leo: eti mbwa "hajazoea mazingira ya Mbagala"

Baba Pamba:
Wakuu, salamu sitoi, asubuhi yangu imeshaharibika.

Jina simtaji. Mnamjua. Yule yule anayepiga picha vijibwa vimevalishwa tai, vimepangwa kwenye kapu, halafu chini anaandika "msafi, ameshafundishwa, hana usumbufu". Ukiuliza bei hadharani anakuita inboksi kama unanunua madini.

Kaniuzia Maltese. Laki sita, na punguzo alikataa. Mweupe pee, mwanangu akampa jina Pamba kabla hata hatujafika nyumbani. Nikaambiwa usiku unamlaza kwenye keji yake, asubuhi unamfungulia, anatoka nje mwenyewe kujisaidia.

Wakuu, huyu mbwa ananya USIKU KUCHA. Mbwa ana kilo mbili, anatoa mavi kilo nne. Hesabu hiyo nani atanielewesha? Nikitandika taulo, anakojolea taulo. Nikitoa taulo, anakojolea trei. Na shida yangu si kunya, kila mwenye tumbo ananya. Shida ni kwamba akimaliza ANAULALIA uchafu wake. Alfajiri nawasha taa ya sebuleni namkuta amesimama, ana furaha zake, anatingisha mkia, na mkia umelowa chapachapa. Kila akitingisha, vitone vinaruka ukutani. Mwenye nyumba wangu kapaka krimu juzijuzi tu. Mama watoto amehamishia chai barazani na haongei na mimi wala na mbwa.

Basi leo nikampigia yule bwana. Hapokei. Nikatuma picha, nikatuma video, nikaandika kwa adabu zote alizonifunza marehemu bibi: "Ndugu yangu, mbwa anachafua keji kila usiku, naomba ushauri." Akajibu kwa sauti. Nyuma nasikia redio na mtu anacheka. Nawawekea neno kwa neno:

"Kaka, huyo mbwa kwao Masaki. Labda hajazoea mazingira ya Mbagala."

HAJAZOEA MAZINGIRA YA MBAGALA.

Mbwa ana miezi mitatu! Masaki ya matajiri kaijua lini? Ana kiwanja kule? Macho yamefunguka majuzi tu, leo ni mtu wa Masaki? Mimi nimezaliwa Rangi Tatu, hapa hapa Mbagala, nimesomea Rangi Tatu, na nilipolala sinyi. Yeye wa Masaki ndiye anayelalia mavi, halafu mazingira yangu ndiyo yenye tatizo? Nimeuliza habari za mkojo, najibiwa habari za makazi!

Na kile kicheko cha nyuma. Yule aliyecheka ni nani? Naomba naye ajitokeze.

Kichwa Ngumu:
Uzi bila picha ni umbea. Weka picha ya ukuta.

Mjukuu wa Temeke:
Nimecheka hadi bosi kaja kuuliza kuna nini. Lakini mkuu, tuwe wakweli, Mbagala hata mimi ilinisumbua nilipohamia 😂

Baba Pamba:
Nawe umetumwa? Barabara ya mwendokasi imetufikia, mnataka tuwe na nini tena ndiyo mbwa azoee?

Shangazi Mkavu:
Laki sita, mbwa wa kuweka mfukoni? Koko wamejaa mtaani bure, wanalala nje, wananya nje, mwizi akipita wanabweka. Wewe umenunua mkojo kwa laki sita.

Ustaadh Wa Zamu:
Mbwa sebuleni tena. Chombo akikiramba unaosha mara saba, moja kwa udongo. Kwa maelezo haya, wewe agiza lori zima la udongo.

Mtu wa Pwani:
@Ustaadh 😂😂 Tripu mbili, na ukuta umo.

Daktari wa Mifugo Moro:
Mkuu Baba Pamba, punguza jazba kidogo. Kijibwa cha miezi mitatu kibofu chake ni kidogo mno. Sisi huwa tunakadiria hivi: idadi ya miezi, jumlisha moja, ndiyo masaa anayoweza kujizuia, na hapo ni mwisho wa uwezo wake. Wako ni masaa manne, na hawa wa maumbo madogo mara nyingi hata hayo hawafikishi. Ukimfungia saa nne usiku, saa nane uwe macho. Weka alamu, mbebe, mtoe kwa kamba, sehemu ileile kila siku, bila kucheza naye. Akimaliza msifie palepale, siyo mkisharudi ndani.

Hilo la kuulalia uchafu ndilo linanipa wasiwasi. Kwa maumbile yake mbwa hapendi kuchafua anapolala. Ila akikulia kwenye keji ambayo hatolewi, anakula humo, ananya humo, analala humo, ile hali ya kukinai inakufa. Kwa hiyo tatizo limetoka huko alikonunuliwa, mazingira yako hayahusiki. Tazama na ukubwa wa keji: ikiwa kubwa anaigawa mwenyewe, huku chumba, huku choo. Ziba kwa ubao abaki na nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Ukiona bado anachafua, achana na keji kwa muda. Mtengee kona yenye uzio, kitanda upande mmoja na magazeti upande wa pili, ajifunze upya kutofautisha.

Chakula cha mwisho saa kumi na mbili jioni, maji ondoa saa mbili usiku. Usimpige wala usimsugue pua kwenye mavi, atakachojifunza ni kujificha akitaka kunya. Kufulia usitumie dawa yenye amonia, kwake hiyo inanuka mkojo. Siki inasaidia. Na mpeleke apimwe minyoo na maambukizi ya njia ya mkojo, kunya usiku kucha si jambo la kawaida. Kama chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa kuhara unaoua vijibwa, haijakamilika, aishie ndani ya geti lako tu, mtaani bado.

Unamlisha nini?

Baba Pamba:
Tunachokula sisi. Ugali, dagaa. Daktari nakushukuru, ya saa nane nitafanya leo. Lakini hujagusa mada. Mbagala imeingiaje hapo?

Daktari wa Mifugo Moro:
Ugali mwingi ndiyo hizo kilo nne zako.

Baba Pamba:
Sawa, ugali. MBAGALA IMEINGIAJE?

Kichwa Ngumu:
Mbwa wa Masaki unampa dagaa, halafu unauliza.

Mama Wawili:
Ngojeni kwanza. Mnamsema yule mwenye kofia ya ngozi, anayemwita kila mteja "mtu wangu wa nguvu"?

Baba Pamba:
Huyo huyo dada. Asante. Niliwaambia wote mnamjua.

Mama Wawili:
Mimi aliniuzia German Shepherd. Miezi ikaenda, masikio yamelala tu. Nikamuuliza, akanijibu "mama, yanasubiri baridi, asili yake Ujerumani". Mbwa sasa ni mzee, masikio yamelala, tena moja limeelekea Kimara, lingine Kigamboni.

Mtu wa Pwani:
Kumbe huyo bwana kila ugonjwa kwake ni jiografia.

Otieno wa Ghorofa:
Poleni majirani. Mimi niko Nairobi, naishi ghorofa ya tano, lifti hakuna. Nikimbeba poodle wangu saa nane ya usiku, tukifika chini ashamaliza kazi yote kwa mkono wangu. Nikanunua nyasi zile za kupanda, nikaziweka kwa beseni pale roshani, ndiyo choo yake. Imesaidia. Sasa vita ni na jirani wa chini, anasema beseni linavuja.

Daktari wa Mifugo Moro:
Hiyo ya nyasi nzuri sana kwa wa ghorofani. Badilisha mara kwa mara tu.

Jirani wa Chini:
Sisi tunaoishi chini tunaanza lini uzi wetu?

Mfugaji wa Chanika:
Nyie mnalia na mbwa mmoja. Mimi nilinunua vifaranga mia, nikahakikishiwa wote mitetea, kuku wa mayai. Nikajenga banda, nikapiga hesabu za trei, mke nikamwahidi friji. Wakakua. Siku moja alfajiri nasikia mmoja anawika. Nikasema ni bahati mbaya. Kesho yake wakawika kama kwaya. Majogoo SABINI wakuu. Yai sijaona. Mtaa mzima haulali, mjumbe kaja mara ya pili.

Shangazi Mkavu:
Sabini 😂😂😂 Nyumbani kwako kila saa ni alfajiri.

Mama Wawili:
Vifaranga ulichukulia wapi? Isije ikawa kwa yule wa jirani na stendi, naye simtaji.

Mfugaji wa Chanika:
Huyo huyo! Nilipomrudia akasema nimewalisha vibaya ndiyo maana wamegeuka majogoo.

Daktari wa Mifugo Moro:
Hapana jamani. Jinsia ya kuku imeshaamuliwa ndani ya yai. Chakula hakigeuzi.

Baba Pamba:
Samahanini wakuu, bado nasubiri kauli zenu kuhusu ile sauti. Niiweke hapa muisikilize? Kicheko kinasikika vizuri kabisa.

Kichwa Ngumu:
Wewe weka ukuta.

Mjukuu wa Temeke:
Mfugaji, hao majogoo bado unao? Unauzaje?

Mfugaji wa Chanika:
Wapo. Kumi na tano elfu, wamenona. Nataka waondoke kabla mjumbe hajarudi.

Shangazi Mkavu:
Kumi na tano, jogoo aliyekunyima usingizi? Kumi.

Ustaadh Wa Zamu:
Mimi wanne, nichinje mwenyewe. Unaleta?

Baba Pamba:
Uzi huu ni wa MBWA jamani.

Mtu wa Pwani:
Mkuu, mambo ya mbwa si ufungue uzi wake? Hapa watu wanazungumza kuku.

Mfugaji wa Chanika:
Kumi na mbili, mwisho. Anayechukua majogoo kumi namletea hadi mlangoni, ila Mbagala mtaongeza mafuta.