Muarobaini: mbona kipimo cha terpenoidi hakitoi pete?

Mwanagenzi_Umoja: Wakuu, naombeni ushauri. Nimeanika juani majani ya muarobaini, nikachemsha gramu 20 kwa nusu lita ya maji, nikachuja. Saponini (kemikali za mmea zinazotoa povu kama sabuni) imetoa povu, feri kloridi, ninayopimia tanini (kemikali za ukakasi), imeleta kijani cheusi. Ila kwa terpenoidi (kundi la kemikali za mmea, nyingi zenye harufu au uchungu), nikitia klorofomu na asidi ya salfuriki, neli (kibomba cha kioo cha majaribio) inapata moto na kila kitu kinakuwa cheusi tii. Nimbini na nimbolaidi zinazosifiwa ziko wapi?

Kemia_Kasarani: Zimebaki kwenye majani uliyotupa. Hizo ni limonoidi, yaani terpenoidi chungu, na maji hayazivuti vizuri. Ulichochota zaidi ni tanini, saponini na sukari. Weusi huo usiuandike kama matokeo: asidi kali ikikutana na maji hupata joto na kuunguza sukari, na inaweza kukurukia usoni.

Saga majani makavu, loweka gramu 50 kwa mililita 500 za ethanoli ya asilimia 80, chupa ya kahawia, saa 72, ukitikisa kila ukipita. Chuja. Kausha kwenye sahani pana juu ya beseni la maji ya moto, nyuzi 40 hivi, mbali kabisa na moto maana mvuke wa ethanoli unawaka. Utomvu ukikauka kweli, yeyusha kidogo kwa mililita 2 za klorofomu. Inamisha neli, teremsha mililita 3 za asidi polepole ukutani. Usitikise! Pete ya kahawia-nyekundu hutokea pale tabaka mbili zinapokutana.

Mama_Miche: Ongeza hili: klorofili, rangi ya kijani ya majani, itaificha pete. Suuza utomvu kwa heksani kabla ya klorofomu, ila heksani yenyewe usiimwage. Steroli nyingi (dutu za jamii ya mafuta) zimehamia humo, ipime kando.

Kuanika ni kivulini penye upepo, mpaka jani livunjike likikunjwa. Jua huharibu azadiraktini, limonoidi inayofukuza wadudu, upesi. Na kama hiyo ndiyo unayoiwinda, tafuta mbegu. Majani yana kidogo mno.

Neli_Tupu: Mnaruka feri kloridi. Hiyo hushika fenoli karibu zote, kundi ambalo tanini ni sehemu yake tu, kwesetini ikiwemo, kwa hivyo kijani peke yake hakithibitishi tanini. Tia jelatini ya asilimia 1 iliyochanganywa na chumvi; mashapo meupe yakitokea, hapo andika tanini. Povu nalo lisimame dakika 15. Neli yenye mabaki ya sabuni hudanganya watu kila muhula, osha kwa maji yaliyokenekwa, na kila kipimo kiwe na neli ya pili isiyo na mchujo wa majani.

Mwanagenzi_Umoja: Shukrani sana. Naona pia mti kama huo kwenye ua wa jirani hapa Umoja. Naweza kuutumia nikirudia?

Mama_Miche: Uangalie kwanza. Muarobaini hupenda joto la Pwani; huku Nairobi mara nyingi utakuta Melia azedarach, mti wa jamii moja unaofanana nao. Jani la muarobaini limegawanyika mara moja tu, vijani vina meno pembeni, maua meupe. Melia hugawanyika mara mbili, maua ya zambarau, na matunda yake ni sumu. Ukibaki na shaka peleka tawi lenye maua, si unga, kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Makumbusho ya Taifa, Museum Hill.

Kemia_Kasarani: Na usionje mchujo wa ethanoli, hata tone.