Ratibu baada ya isha: wanafunzi wanakimbiza, naomba ushauri

Assalaam alaykum walimu wenzangu. Hapa Lindi, bweni la wavulana 40, Ratibul Haddad (uradi wa dhikri na dua zinazosomwa kwa pamoja) husomwa kila siku baada ya isha. Shida iko kwenye tahlili, "Laa ilaaha illallah" mara 50. Wakifika ya ishirini mwendo unapanda, "ilaaha" inamezwa, inabaki "lailalla", na mstari wa nyuma unasinzia. Kiongozi wa zamu naye anakimbizana nao, maana ugali unapoa. (Kula kabla ya isha? Jikoni wamegoma.) Kuandika majina ya wanaosinzia kumewafundisha kuchezesha midomo tu, na tabia haijabadilika: alfajiri ugomvi wa ndoo kisimani uko palepale. Tupunguze ziwe 25 kwa utulivu, wakubwa wakae katikati ya wadogo, au tuanze kuwafasiria maana? Mlio Mtwara mnafanyaje?