LED nyeupe za nyuma ya skrini: rezista, koili au chaji pampu?

kapasita_mbovu: Wakuu habari, nina skrini ndogo ya kifaa cha mkononi, LED nne sambamba (kila moja kwenye tawi lake), rezista moja ya kupunguza mkondo kwa zote, betri moja ya lithiamu. Kona moja inawaka kali nyingine hafifu. Nibadilishe nini bila kumaliza betri?

nyaya_tu: Rezista moja kwa zote haifai kabisa mkuu. LED nyeupe hazifanani, kwenye miliampia 20 moja inataka volti 3.0 mwenzake 3.4, hiyo ya chini ndo inakula mkondo wa wenzake, inachemka, ikichemka volti yake inashuka tena inazidi kuvuta. Kila LED ipewe rezista yake, basi.

Solda77: Haitoshi hiyo, inategemea unalisha kutoka wapi. Ukiwa na volti 5 na rezista ya om 90 kwa kila LED, ile ya 3.0 inapata kama miliampia 22, ya 3.4 kama 18, jicho halioni tofauti kubwa. Sasa weka betri iliyoshuka hadi volti 3.6 na rezista ya om 20: moja miliampia 30, nyingine 10!! Na hiyo volti 5 nayo, zaidi ya theluthi ya umeme inaishia kuwa joto kwenye rezista.

mama_saketi: Mi nasema mfululizo (LED zifuatane kwenye njia moja) na dreva ya koili, yaani saketi inayopandisha volti na kushikilia mkondo, mkondo ni uleule kwa zote hakuna cha kulinganisha, nne zinataka kama volti 13. Ila koili ni nene, ina kelele ukiiweka karibu na antena, na LED moja ikikatika zote giza na dreva inazidi kupandisha volti, kwa hiyo chukua inayojizima volti zikizidi.

kapasita_mbovu: Nimeangalia mkanda wa skrini una njia tano, chanya moja ya pamoja, hasi nne kila moja peke yake, zimeunganishwa huku kwenye bodi.

mama_saketi: Aah basi mfululizo haiwezekani hapo, chanya zote zimeshaungana ndani.

Solda77: Hapo chaji pampu (saketi inayopandisha volti kwa kapasita) yenye njia nne zinazodhibiti mkondo, unakata ule muungano kila hasi inaingia pini yake. Kapasita tu, hakuna koili. Betri ikijaa inapitisha volti moja kwa moja, ikishuka inazidisha mara 1.5, na hapo ndo hasara: betri 3.6 LED 3.3, ufanisi unabaki kama asilimia 61. Tafuta inayochelewa kuhamia huko.

nyaya_tu: Na kupunguza mwanga usishushe mkondo, weupe unabadilika rangi, washa-zima kwa haraka zaidi ya mara 200 kwa sekunde.

kapasita_mbovu: Sawa wakuu, nakata huo muungano naweka pampu.