504 linachemsha: gasketi tu, kuchonga hedi, au hedi nyingine?

SpanaKumi
Wakuu, salaam. Nina Peugeot 504 ya mwaka 1974, injini ya XN1 ya cc 1971, ya kabureta. Majuzi nikiwa napanda mlima taa ya chaji iliwaka, nikasema ni waya tu, nikaendelea. Kumbe mshipi wa feni umekatika. Nilipokuja kutazama mshale wa joto, ulikuwa umeshagonga mwisho.

Tangu siku hiyo linakula maji na chini hakuna hata tone. Asubuhi nikiliwasha linapiga silinda tatu kama dakika moja hivi, linatoa moshi mweupe, kisha linatulia. Bomba la juu la rejeta linakuwa gumu kama jiwe kabla injini haijashika moto. Oili bado safi.

Nimepima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Silinda ya 1 na ya 4 zina baa 10 kila moja, ya 2 na ya 3 zina baa 6 kila moja. Nikatia kijiko cha oili kwenye hizo mbili za kati, vipimo havikupanda.

Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, sijaivua. Naona njia nne: kufunga gasketi mpya tu (kile kizibo chembamba kati ya hedi na bloku, mwili wa injini), kuchonga hedi (kunyoosha uso wake kwa mashine), kutafuta hedi ya mtumba, au ile dawa ya kumwaga kwenye rejeta. Mngekuwa ninyi?

MajiMoto
Gasketi tu, mkuu. Mimi langu nilifanya hivyo, nikasafisha hedi kwa msasa, nikafunga, kazi ikaisha jioni ileile. Watu wanapenda kukuza mambo.

MzeeKabureta
SpanaKumi, kipimo chako kimeshasema mengi. Zingekuwa ringi za pistoni, oili ingepandisha kompresheni. Haikupanda, basi upepo unatokea kwenye valvu au kwenye gasketi. Na silinda mbili majirani zikishuka kwa kiasi kilekile, gasketi imeungua kwenye ule ukingo mwembamba katikati yao. Upepo wa ya 2 unaingia ya 3.

Lakini bomba gumu injini ikiwa ya baridi ni jambo la pili. Hapo gesi ya mlipuko inaingia kwenye maji, na inaweza kupitia gasketi hiyohiyo au kwenye ufa wa hedi. Kipimo cha kompresheni hakitakuambia ni ipi.

MajiMoto, hiyo gasketi ya jioni moja ilidumu muda gani?

MajiMoto
Miezi minne, mzee. Nikafunga nyingine.

BintiGereji
Nafanya kazi kwenye karakana ya kukereza, hedi za namna hii nazishika kila wiki. Bloku yako ni ya chuma cha kusubu, hedi ni aluminiamu. Kwa joto lilelile aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na boliti zimeibana, haina pa kwenda. Inapinda. Ukifunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda, boliti zinainyoosha kwa nguvu, gari linatembea vizuri, halafu pale katikati panaachia tena. Ndiyo miezi minne ya MajiMoto.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, vua upime. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi: kwa urefu, kwa upana, na kona kwa kona. Pitisha fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake. Kikomo kinachotajwa sana ni 0.05 mm, ila fuata kitabu cha injini yako. Ikizidi, ichongwe. Na msasa wa mkono si kuchonga kaka, unachimba mabonde.

Halafu angalia ufa. Mahali pa kwanza ni kati ya kiti cha valvu ya kuingiza na cha kutolea. Tunapaka rangi nyekundu inayopenya, tunaifuta, tunapulizia unga mweupe. Penye ufa mstari mwekundu unajichora wenyewe. Baadaye tunaziba njia za maji, tunaingiza upepo na kuzamisha hedi kwenye maji ya moto. Maji ya moto kwa makusudi, maana kuna nyufa zinazofunguka kwenye joto tu.

KijanaWaPlagi
Hedi ya mtumba je? Si unakwepa yote hayo?

BintiGereji
Nayo inapimwa vilevile. Jiulize kwa nini ilitolewa kwenye gari la kwanza. Nimeona mtu akileta hedi tatu za mtumba mfululizo, zote zimeshachongwa mpaka hakuna nyama iliyobaki. Hedi yako walau unaijua historia yake. Mtumba ni kama yako ina ufa usiochomeleka, au imepikwa mpaka aluminiamu imelainika na boliti zinazama. Hiyo hata ukiichonga haishiki.

MzeeKabureta
Dawa ya rejeta iache kabisa. Nyingi zina silikati ya sodiamu, inaganda kama kioo popote penye joto, na rejeta ya zamani ina mirija myembamba.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalowaponza watu. XN1 ni injini ya slivu za maji, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka. Slivu zimesimama tu ndani ya bloku, maji yanazizunguka, na kinachozibana kwa juu ni hedi. Ukishaivua, usizungushe kranki, mhimili unaosukuma pistoni. Pistoni ikipanda inanyanyua slivu, sili ya chini inaachia, na maji yanashuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Mimi niliizungusha robo tu, nikitaka kufuta kaboni juu ya pistoni ya 3. Nilifunga kila kitu nikijipongeza. Kesho yake navuta kijiti cha oili, kina rangi ya losheni. Nikarudia injini yote.

Kwa hiyo fungua boliti injini ikiwa ya baridi, robo robo, ukianzia pembeni kuja katikati. Hedi itikise kwanza ibanduke kwenye gasketi, usiinyanyue moja kwa moja. Ikitoka tu, bana slivu kwa boliti na washa pana. Fimbo za valvu zipange kwenye kadibodi yenye namba. Na mashimo ya boliti yakaushe. Oili ikibaki chini ya shimo, boliti inaisukuma na bloku inapasuka.

SpanaKumi
Wakuu, nimerudi. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya 2 na 3 kama mlivyosema, pana kiasi cha kupitisha kucha. Katikati ya hedi fila geji ya 0.20 mm ilipita bila kugusa. Rangi nyekundu haikuonyesha ufa, na kwenye maji ya moto hakuna povu. Nimechonga. Slivu nilizibana, nikapima zilivyochomoza juu ya bloku, zote nne ziko ndani ya kitabu. Nimekaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kutoka katikati kwenda pembeni, hatua kwa hatua, na kurekebisha nafasi za valvu upya kwa sababu hedi imepungua.

Kompresheni sasa ni 10 na kidogo kote. Bomba la juu unalibonyeza kwa vidole viwili.

BintiGereji
Safi. Tembeza kidogo, liache lipoe usiku kucha, kisha rudia kukaza kama kitabu chako kinavyotaka, na valvu uzipime tena.

MzeeKabureta
Na mshipi?

SpanaKumi
Mpya, mzee. Na wa akiba uko kwenye buti.