Toti kwa toti: Black Label, Jameson, Jack au Glenfiddich?

Mzee wa Ilazo
Wakuu, heshima kwenu. Huku Ilazo, Dodoma, kuna kabaa kamoja kametulia, meza chache, muziki unapigwa chini mpaka mnasikizana. Mama mwenye nako ameanza kuuza kwa toti zile chupa za wiski ambazo kwingine lazima ununue mzinga mzima. Ijumaa tukakaa watu wanne, tukakubaliana leo hatunywi, tunaonja. Maji pembeni, barafu marufuku.

Black Label: mchanganyiko wa Uskoti, na kila kilichomo kimelala pipani si chini ya miaka 12. Moshi wake unausikia ukishameza. Mdogo wake, Red Label, haijaandikwa umri. Sheria ya kule inadai miaka 3 tu kwenye mapipa ya mwaloni, na koo linaijua tofauti hiyo.

Jameson: ya Ireland, inakenekwa mara tatu wakati nyingi za Uskoti ni mara mbili. Laini mno. Unakuja kukumbuka kwamba ni asilimia 40 kama wenzake, umeshaagiza nyingine.

Jack Daniel's: ya Tennessee, Marekani. Mahindi ndiyo mengi, na ikitoka mtamboni huchujwa polepole kwenye mkaa wa mti wa mepo (maple) kabla ya kuingia pipani. Vanila na ndizi mbivu. Wenzangu wawili waliipa namba moja. Mimi utamu ule unanichosha.

Glenfiddich 12: kimea cha shayiri kitupu, kiwanda kimoja, mji wa Dufftown. Harufu ya matunda, kisha mwaloni kwa mbali. Bei sasa, hapo ndipo penye maumivu.

Uamuzi wangu: kama ni toti moja halafu nyumbani, Glenfiddich. Kama ni kukaa na nyama mpaka usiku, Black na maji kidogo. Nipingeni.

Mwana Kikuyu
Mkuu, mlianza na ipi? Kama Black ilitangulia, matokeo yote nayafuta. Moshi ukishakaa ulimini, Glenfiddich inayofuata utaiona maji matupu. Na nyama ilikuja saa ngapi? Pilipili na ndimu zikishapita, kuonja kumekwisha, hapo mnakunywa tu.

Mzee wa Ilazo
Jameson ilifungua, Black ikafunga. Hapo juu sikuzipanga kwa mfuatano wa kuonja. Mbavu za mbuzi tuliziagiza mwisho.

Mwana Kikuyu
Basi nimekubali. Nusu.

Dada wa Makole
Na sisi tusiopenda kuunguzwa koo? Maana kaka zangu nawaonaga mnakunja sura, halafu mnasifia.

Fundi Mitambo
Dada, tia maji kidogo, kijiko kimoja cha chai kinatosha kuanzia, kisha nusa kabla hujapeleka mdomoni. Moto unapungua na harufu inafunguka. Barafu inafanya kinyume, inaupoza ulimi na kuifunga harufu. Najua joto la Dodoma mwezi wa kumi na moja halina utani, lakini barafu hiyo mpe Red na soda, yule hana cha kupoteza. Ukitaka kuanza taratibu, Jameson na Stoney Tangawizi.

Kuhusu huo moshi wa Black, sehemu yake inatokana na wiski za kimea za kisiwa cha Islay, Uskoti, kwenye viwanda kama Caol Ila. Shayiri ya huko hukaushwa kwa moshi wa mboji kavu ya kinamasi (peat). Anayeupenda atafute Laphroaig, ya kisiwa hicho hicho. Mimi ndugu yangu aliniletea chupa, nikaifungua sebuleni, mke wangu akauliza nani kamwaga Dettol.

Zabibu Tamu
Mko Dodoma, mashamba ya zabibu yako Makutupora na Hombolo, mnabishania pombe ya Uskoti. Dompo, mvinyo wa hapa hapa, inawatazama.

Mwana Kikuyu
Dompo tunaiheshimu, fungua uzi wake.

Wa Kaunta
Mimi nauza, kwa hiyo nawaambia kutoka upande wa pili wa kaunta. Kabla ya vanila na moshi, omba uione chupa. Stempu ya TRA iwepo, na ukiwa na shaka iskani kwa programu ya Hakiki Stempu. Lakini stempu inakulinda vizuri pale unaponunua chupa iliyofungwa. Kwenye toti chupa imeshafunguliwa, na ganda la Black linaweza kujazwa chochote. Kwa hiyo kaa pale chupa mpya inapofunguliwa mbele ya macho, au kaa kwa mtu unayemwamini kama huyo mama. Na amimine kwa kipimo. Anayemimina kwa jicho, mara akupunje, mara akulevye.

Lingine: chupa ambayo imebaki robo tangu miezi mingi nyuma, hasa kwenye rafu inayopigwa jua, imeshapoteza harufu. Usiihukumu Glenfiddich kwa hiyo.

Mtumishi Area D
Swali dogo, Bunge likikaa hako kabaa kana nafasi? Huku kwetu vikao vikianza hata kiti cha plastiki unakigombea.

Mzee wa Ilazo
Njoo mapema, kabla ya saa kumi na mbili. Gari liache nyumbani, bodaboda wapo hapo nje.

Shabiki wa Jack
Mimi ni mmoja wa wale wawili. Mzee hajawaambia kwamba mbavu zilipofika aliomba toti ya Jack. Nyama iliyoshika moto pembeni na ule utamu wa pipa lililochomwa ndani vinaelewana kuliko Black, ambayo moshi wake unashindana na wa jiko. Glenfiddich ndiyo kabisa, nyama inaimeza, hela yako imekwenda. Ijumaa hii turudie, mara hii nyama iwe mezani tangu mwanzo, tuone.

Mwana Kikuyu
Nyama tangu mwanzo? Hapo mimi sipo.